Mwenzako Ataandika Ngapi? Kuhesabu Ngazi za Fikra Mchezoni

Watu 20, kila mmoja na kipande cha karatasi. Andika kwa siri namba yoyote kuanzia 0 hadi 100. Namba zote zitajumlishwa, utatafutwa wastani, kisha zitachukuliwa theluthi mbili za wastani huo. Aliye karibu zaidi na jibu hilo ndiye mshindi. Uandike ngapi?

Aliyesoma nadharia ya michezo, yaani hisabati ya kuchagua pale matokeo yako yanapotegemea pia uchaguzi wa wengine, hujibu papo hapo: 0. Hoja yake imenyooka. Hata wote wakiandika 100, jibu halitazidi 67, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuandika zaidi ya 67. Kama hakuna atakayezidi 67, jibu haliwezi kuzidi 44. Kama wote wanalijua hilo, haliwezi kuzidi 30, halafu 20, halafu 13, hivyo hivyo mpaka namba zikauke. Sifuri ndiyo namba pekee ambayo, wote wakiiandika, hakuna anayetamani kubadilisha. Hali hiyo huitwa msawazo wa Nash, kwa jina la John Nash aliyeieleza mwaka 1950.

Hoja haina kosa, lakini anayeifuata mbele ya watu wanaoucheza mchezo huu mara ya kwanza hushindwa karibu kila mara. Mchumi Rosemarie Nagel aliuchezesha maabara na kuchapisha matokeo mwaka 1995. Katika mzunguko wa kwanza wastani ulikuwa karibu 37, maana yake ushindi ulikuwa kati ya 24 na 25. Aliyeandika 0 alikuwa mbali na ushindi kuliko hata aliyeandika 45.

Tatizo la sifuri ni kwamba haitoshi wewe kuwa na akili. Inabidi kila mtu awe ameifuata hoja hadi mwisho, na kila mtu aamini kwamba wengine wote nao wameifuata. Akili ni nywele, na hapa unacheza na vichwa vyote vilivyomo chumbani kwa mpigo. Mbinu inayofanya kazi ni nyingine: kadiria wenzako wamefika ngazi ya ngapi, yaani wamewaza hatua ngapi kuhusu wengine, kisha simama ngazi moja juu yao. Ukisimama chini yao umepitwa, na ukipanda ngazi tatu zaidi umewaacha na ushindi wamebaki nao. Wahenga walishasema, ujanja mwingi mbele giza.

Tafuta mwanzo wa ngazi

Ngazi ya 0 ni mchezaji asiyefikiria wenzake kabisa. Jiulize: mtu aliyesikia maelezo nusunusu, akatakiwa ajibu sasa hivi, atafanya nini? Kwenye mchezo wa 0 hadi 100 wachezaji wa aina hii hutawanyika kila mahali, na wastani wao ni karibu 50. Kwenye mchezo wa kuomba pointi, tutakaouona mbele, ataomba nyingi kadiri inavyoruhusiwa. Kwenye mchezo unaorudiwa, atashika matokeo ya mzunguko uliopita. Kwenye mchezo wa kuficha na kutafuta kitu katika visanduku vinne vilivyopangwa mstari, jicho lake litaenda kwanza kwenye kile chenye rangi au alama tofauti.

Tumia dakika nzima hapa, maana ukikosea mwanzo, ngazi zote za juu yake zinakosea pamoja nawe. Makosa mawili hutokea mara kwa mara. La kwanza ni kukariri 50 hata pale masharti yalipobadilika: mchezo ukiwa wa 0 hadi 200, mwanzo ni 100, na kila hesabu inayofuata inaongezeka maradufu. La pili ni kupuuza maneno ya msimamizi. Akisema “kwa mfano, unaweza kuandika 30”, hiyo 30 imeshaingia vichwani, na wengi wataanza kuhesabu kutoka hapo badala ya 50. Sikiliza mfano uliotajwa, uandike pembeni.

Panda hatua kwa hatua

Kila ngazi ni jibu bora dhidi ya ngazi iliyo chini yake. Zidisha kwa theluthi mbili kila hatua:

Ngazi ya 1: 33
Ngazi ya 2: 22
Ngazi ya 3: 15
Ngazi ya 4: 10
Ngazi ya 5: 7

Katika data ya Nagel, majibu hayakutawanyika ovyo. Yalirundikana kuzunguka 33 na kuzunguka 22, na waliofika ngazi ya 3 walikuwa wachache. Ndiyo maana namba hizi zinastahili kukaririwa. Ukiona 33 kwenye karatasi ya mtu, unajua alichokiwaza: “wengine wataandika ovyo, wastani 50, theluthi mbili ni 33.” Ukiona 22, huyo amemfikiria mwenzake aliyewaza hivyo. Ukiona 67, huyo amechukua theluthi mbili za 100, akasahau kwamba wastani hauwezi kufika 100 ila kila mtu aandike 100.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko maabara hizi. Mchumi John Maynard Keynes, mwaka 1936, alilinganisha soko la hisa na shindano la gazeti ambalo msomaji anachagua nyuso nzuri, na tuzo inakwenda kwa yule ambaye chaguo lake limekaribia zaidi chaguo la wengi. Hapo huchagui uso unaoupenda, wala uso unaodhani wengi wanaupenda. Unachagua uso ambao wengi wanadhani wengi watauchagua. Keynes aliiita hiyo daraja ya tatu, akaongeza kwamba anaamini wapo wanaofika ya nne na ya tano.

Pima kina cha waliopo mezani

Hapa ndipo mtu anaposhinda au kushindwa mchezo, na ndipo wengi hawatumii muda wa kutosha.

Chumba hakina watu wa ngazi moja. Kina mchanganyiko. Colin Camerer, Teck-Hua Ho na Juin-Kuan Chong walipendekeza mwaka 2004 njia rahisi ya kuukadiria: chukua wastani wa hatua 1.5 za fikra kwa mtu. Kwa mgawanyo wa Poisson, kanuni ya takwimu inayotoa asilimia ya kila ngazi kutokana na wastani huo tu, hiyo inatoa takriban 22% ngazi ya 0, 33% ngazi ya 1, 25% ngazi ya 2, 13% ngazi ya 3, na 5% ngazi ya 4. Waliobaki juu ya hapo ni wachache mno kubadilisha lolote.

Sasa fanya hesabu ya mtu anayejua kwamba chini yake kuna mchanganyiko. Mchezaji wa ngazi ya 2 anaona wa 0 na wa 1 tu. Kwa uwiano wa 22 kwa 33, wastani wao ni karibu 40, kwa hiyo anaandika karibu 27, si 22. Wa ngazi ya 3 akiwachanganya wote walio chini yake anapata karibu 24. Wa ngazi ya 4 anapata karibu 23. Umeona kinachotokea: kadiri unavyopanda, namba inashuka kwa hatua fupi zaidi, kwa sababu wale wa 50 na wa 33 bado wamo chumbani na wanauvuta wastani juu. Kwa kundi la wageni, andika kati ya 22 na 25 na utakuwa karibu sana na ushindi.

Lakini usiandike hivyo kwa kila kundi. Gazeti la Financial Times liliwachezesha wasomaji wake mwaka 1997, shindano lililobuniwa na Richard Thaler. Wastani ulikuwa 18.9 na namba ya ushindi 13. Wale walikuwa wasomaji wa habari za fedha, waliochagua wenyewe kushiriki, wenye muda wa kutosha kupiga hesabu. Gazeti la Politiken la Denmark lilifanya hivyo mwaka 2005, likapata washiriki 19,196, na theluthi mbili za wastani zikawa 21.6. Kati ya 13 na 21.6 kuna zaidi ya ngazi nzima, na tofauti hiyo inatokana na nani aliyekuwa anacheza, maana mchezo wenyewe ni ule ule.

Kabla ya kuandika, kagua mambo haya. Je, wamewahi kuucheza? Mtu aliyewahi kushindwa kwa kuandika 33 harudii. Wana muda gani? Dakika moja huwaacha wengi ngazi ya 0 na ya 1, siku tatu huwapandisha. Wamejiandikisha wenyewe au wamekusanywa tu? Na hili ndilo husahauliwa zaidi: wanadhani wanacheza na nani? Mtu mwenye uwezo wa kufika ngazi ya 4 hatafika huko akiamini wenzake ni wageni. Atashuka makusudi hadi ngazi inayomfaa. Kina unachokiona kwenye karatasi ni uwezo wa mtu pamoja na imani yake juu ya wengine, na mara nyingi imani ndiyo kubwa. Kwa hiyo msimamizi akitangaza kwamba chumba kina mabingwa wa hisabati, shusha namba yako hata kama mabingwa hao ni wawili tu.

Kama kila “mchezaji” ni timu ya watu watatu wanaojadiliana, usitarajie miujiza mzunguko wa kwanza. Martin Kocher na Matthias Sutter walionyesha mwaka 2005 kwamba timu hazianzi vizuri zaidi kuliko mtu mmoja mmoja, ila hujifunza haraka zaidi mizunguko ikiendelea.

Rekebisha kwa ukubwa wa kundi

Namba yako mwenyewe imo ndani ya wastani. Kwenye kundi la watu 20 hilo halisumbui, kwenye kundi dogo linasumbua. Ukitarajia wastani wa wengine ni m na jumla ya wachezaji ni n, andika 2 × (n − 1) × m ÷ (3n − 2). Kwa watu 20 inatoa 0.655 ya m, karibu sawa na theluthi mbili. Kwa watu 5 inashuka hadi 0.615. Kwa watu 3 ni 0.571: ukitarajia wenzako wawili wana wastani wa 40, andika 23, si 27.

Kwa watu wawili mchezo unageuka kabisa. Tuseme wewe umeandika 20 na mwenzako 50. Wastani ni 35, theluthi mbili ni 23.3, na wewe umeshinda. Jaribu jozi yoyote: jibu ni theluthi moja ya jumla ya namba mbili, na nusu ya jumla hiyo, yaani katikati yao, iko juu zaidi. Basi jibu liko siku zote upande wa namba ndogo. Mwenye namba ndogo hushinda, na 0 haishindwi kamwe, hata mwenzako awe nani. Hapa huhitaji kukisia ngazi ya mtu yeyote. Hata hivyo, Brit Grosskopf na Rosemarie Nagel walipoujaribu mchezo wa wawili, wakachapisha mwaka 2008, wachezaji wengi hawakuandika 0. Walikuwa wanakisia namba ya mwenzao badala ya kusoma kanuni. Kabla hujaanza kupanda ngazi, hakikisha kwanza kama kuna chaguo linaloshinda bila kujali wengine.

Tahadhari nyingine ni mharibifu. Katika watu 20, mmoja aliyetarajiwa kuandika 20 akiandika 100, wastani unapanda kwa 4 na jibu linapanda kwa 2.7. Ukijua chumba kina mtu mmoja wa aina hiyo, ongeza 3 kwenye namba yako. Katika watu 200 msahau.

Mizunguko inayofuata

Matokeo yakishatangazwa, 50 imekufa. Mwanzo mpya wa ngazi ni wastani uliotangazwa. Ukiwa 36, ngazi ya 1 ni 24 na ngazi ya 2 ni 16. Wachezaji wengi husogea hatua moja au mbili kutoka hapo, hawaruki hadi 0 ghafla, kwa hiyo andika kati ya 24 × 0.67 na kidogo juu yake, yaani 16 hadi 18. Rudia hivyo kila mzunguko. Namba zitashuka zenyewe, na baada ya mizunguko minne hivi msomi wa sifuri ataanza kukaribia ushindi. Kosa la kawaida hapa ni kuandika tena namba iliyoshinda mzunguko uliopita, kana kwamba wengine wote watasimama palepale.

Mchezo wa kupimia kina cha mtu mmoja

Ukitaka kujua mtu fulani anawaza hatua ngapi, mchezo wa theluthi mbili hautoshi, kwa kuwa namba yake inachanganya kina na makosa ya kuzidisha. Tumia ule wa Ayala Arad na Ariel Rubinstein, uliochapishwa mwaka 2012. Wachezaji wawili, kila mmoja anaomba kwa siri pointi kati ya 11 na 20, na anapewa alichoomba. Ila akiomba pungufu kwa 1 kamili kuliko mwenzake, anaongezewa pointi 20.

Uzuri wake ni kwamba mwanzo hauna ubishi: asiyewaza mwenzake ataomba 20. Kila hatua ya fikra inashusha moja tu. 19 ni hatua moja, 18 ni mbili, 17 ni tatu. Unasoma ngazi moja kwa moja kwenye karatasi.

Walipouchezesha kwa wanafunzi, 6% waliomba 20, 12% waliomba 19, 30% waliomba 18 na 32% waliomba 17. Walioomba 16 walikuwa 6%. Msawazo wa Nash unataka kitu tofauti sana: nusu ya watu waombe 15 au 16. Sasa kokotoa nani alipata zaidi dhidi ya watu hawa halisi. Wa 17 anapata 17, na ana nafasi ya 30% kuongezewa 20: jumla 23. Wa 16 anapata 16 na 32% ya 20: 22.4. Wa 18 anapata 20.4, wa 19 anapata 20.2. Na yule aliyeomba 15 anapata 15 na 6% tu ya 20, yaani 16.2. Aliyewaza hatua tano aliondoka na pungufu kuliko aliyeomba 20 bila kuwaza chochote.

Ngazi inapozunguka duara

Mbinu yote hii inategemea ngazi yenye mwisho. Kuna michezo ambayo ngazi inarudi ilikoanzia: nikidhani utakwenda kushoto naenda kulia, ukijua hilo unakwenda kulia, nami narudi kushoto. Mawe-karatasi-mkasi ni hivyo, na penalti pia. Hapa kupanda zaidi hakusaidii. Unachotafuta ni uwiano ambao mpinzani hawezi kuutumia dhidi yako.

Ignacio Palacios-Huerta alichambua penalti 1,417 zilizopigwa kati ya 1995 na 2000. Uite upande unaoukubali mguu wa mpigaji “mzuri”, na wa pili “mbaya”. Wote wawili wakienda mbaya, bao hupatikana 58%. Mpigaji akienda mbaya na kipa mzuri: 95%. Mpigaji akienda mzuri na kipa mbaya: 93%. Wote mzuri: 70%.

Kipa aende upande mbaya mara ngapi? Tuseme sehemu g. Mpigaji akipiga mbaya anapata 95 − 37g, akipiga mzuri anapata 70 + 23g. Kipa anataka namba hizo zilingane, ili mpigaji asiwe na pa kukimbilia. Zinalingana g ikiwa 25/60, karibu 42%. Mpigaji naye anatafuta sehemu yake ya kwenda mbaya, k, kwa kuzilinganisha hesabu za kipa: 93 − 35k na 70 + 25k, hivyo k ni 23/60, karibu 38%. Angalia vizuri kilichofanyika: kila mmoja amepata uwiano wake kwa kusawazisha hesabu za mwenzake, si zake. Hilo ndilo linalowakosesha wengi hesabu. Na wachezaji halisi walikuwa karibu mno na namba hizi: makipa 42% upande mbaya, wapigaji 40%.

Uwiano peke yake hautoshi, lazima pia usitabirike. Mtu anayejitahidi kuchagua bila mpangilio hubadilishabadilisha upande kupita kiasi, kwa sababu kurudia mara tatu kunamwonekea kama mpangilio. Mpinzani makini analiona hilo. Kwenye mchezo wa mezani, acha sekunde za saa zichague: ukitazama saa na sekunde ziko kati ya 0 na 22, chagua upande wa 23/60, vinginevyo ule mwingine.

Michezo ya kukutana inahitaji neno moja tu. Pale mnaposhinda kwa kuchagua sawa, acha hesabu za ngazi, chagua kinachojitokeza machoni pa wote. Mchumi Thomas Schelling aliuliza watu mahali na saa ya kukutana na mtu jijini New York bila kuwasiliana. Wengi walitaja kituo cha Grand Central, saa sita mchana.

Ukitaka kuichezesha kwenye kundi lako

Gawa karatasi zenye nafasi mbili: namba, na chini yake sentensi moja ya sababu. Sentensi hiyo ni ya thamani kuliko namba, maana 33 inaweza kuwa ngazi ya 1 au kubahatisha, na sababu ndiyo inayotenganisha. Toa dakika mbili. Kataza kusemezana, kwa kuwa mtu mmoja akinong'ona “sifuri” safu nzima inashuka na huna tena unachokipima. Usitaje namba yoyote ya mfano. Ukisharuhusu maswali, jibu kuhusu kanuni tu. Kusanya karatasi zote kwanza, zipange kwa ngazi mbele ya watu, tangaza wastani, kisha cheza mzunguko wa pili kabla ya kueleza 0 inatoka wapi. Ukieleza kabla, mzunguko wa pili utapima kama walikusikiliza.